Watoto Waliovushwa Mto kwa Kalamu

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Takwimu, mkuu wa chumba chetu cha hesabu za afya pale Mtwara mjini, alinipa kalamu mbili na onyo moja. "Binti, mtoto akilia hata mara moja, ameishi. Akifa, andika kifo. Usiandike kwamba alizaliwa mfu ili ukurasa upendeze." Nilicheka, nikidhani ananitania.

Ninyi vijana mnajaza kwenye tableti. Sisi tulikuwa na rejesta, lile daftari kubwa la zahanati, na kila mwisho wa mwezi tulijumlisha kwa mkono waliozaliwa hai na waliofariki kabla ya kutimiza mwaka, wavulana mstari wao, wasichana wao. Karibu kila nchi wavulana hufa zaidi katika umri huo, kwa kuwa huanza maisha wakiwa dhaifu. Ukitaka kujua hali ya mahali, anza na mstari wao.

Nilikuwa mkaguzi wa takwimu za mpakani nilipoitwa kwenye semina moja. Wageni walituonyesha jedwali la vifo vya wavulana wachanga, nchi kwa nchi, kisha vijiji vya huku kwetu, kando ya Mto Ruvuma, na vya ng'ambo, Msumbiji. Vya huku vilikuwa na vifo vichache mno. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi mikono ilibaki mapajani. Nchi na nchi kutofautiana, sawa. Lakini watu hawa wana mbu walewale, wanakula muhogo uleule, wanaoana. Tumewazidi nini?

Wiki iliyofuata nilipanda pikipiki hadi zahanati moja karibu na mdomo wa mto. Katika rejesta, kwa karibu kila mtoto aliyefariki, safu ya makazi iliandikwa "ng'ambo". Wazima wote walikuwa wa kijijini.

"Wagonjwa tu ndio wanaovuka?" nilimuuliza Muuguzi Mfawidhi.

"Dada, asili yao ni kule."

"Sikuulizi asili. Wanalala wapi?"

Akafunga daftari. "Ukiwaandika huku tutaitwa kujieleza. Ukiwaandika kule, nani atauliza?"

Nilikuwa nimenakili jina la mama mmoja. Nyumba yake haikuwa mbali, nyuma ya mikorosho. Mama Atanasi alinitazama kwa mashaka zaidi kuliko nilivyomtazama muuguzi.

"Mnataka kutufukuza?"

"Hapana, mama. Nauliza ya Atanasi. Mlivuka naye mto?"

"Kuvuka kwenda wapi? Nimezaliwa hapa. Siku kumi na moja aliishi, zote humu ndani."

Jioni nilimpigia simu karani wa takwimu wa ng'ambo, tuliyefahamiana naye kwenye semina. Nilimsomea orodha yangu. Alipekua daftari lake, kisha akajibu kwa Kimakonde: hao watoto hawapo kwake. Huku hawapo, kule hawapo. Nilikaa kitandani nikalia.

Niliandika hesabu upya. Mkuu wangu wa wakati huo, Bwana Mratibu, alizisukuma kando.

"Unataka tuonekane wauaji?"

"Nataka tuonekane tunaohitaji mkunga, mzee."

Nilihamishiwa stoo ya kadi za kliniki. Nilikaa huko miaka miwili, nikimshuku kila anayenisalimia kwa tabasamu. Alipokuja Mratibu mwingine, mwanamke, alizikuta karatasi zangu kwenye faili, akaenda mwenyewe mpakani. Rejesta ilisahihishwa, vifo vya huku vikapanda kwenye jedwali, na zahanati ikapata wakunga wawili. Hatukupigiwa makofi.

Sasa nimestaafu, nakaa Magomeni, na bado jedwali zuri linaninyima raha. Likija mezani kwenu, ulizeni mama analala wapi.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilimpeleka Mama Atanasi zahanati nikamfungulia ukurasa. Hakujua kusoma. Nikamsomea: Atanasi, mvulana, siku kumi na moja, kisha jina la kijiji chao.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena, na safari hii kijiji nilikitaja kwanza.