Bibi Siwema Anataka Kuhojiwa Kuhusu Sheria ya Mimba

Usiku ule nililala na fomu kifuani, miguu imevimba kwa kupanda na kushuka vilima. Nilikuwa karani wa utafiti wa maoni. Kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu wa mkoa wetu kama sheria iruhusu kutoa mimba, na ikiruhusu, iwe kwa sababu zipi. Mchana wake mwenyekiti wa mtaa alinijibu "Hapana" mara sita mfululizo, kisha akauliza, "Kwani ulikuwa unauliza nini?"

Usingizi haujakolea, najiona niko ofisi ya kata. Wala si ofisi. Ni jiko la Bibi Siwema, mama yake baba, mkunga wa jadi tuliyemzika miaka mingi iliyopita. Watu wamepanga foleni hadi uani. Wote nawafahamu. Wote tulishawazika.

Bibi yuko mbele, kajifunga kanga kiunoni kama siku za kuzalisha.

"Niandike, mjukuu wangu."

"Bibi, tunahoji walio hai."

"Walio hai wanajibu bila kusikiliza swali. Niandike."

Naanza. "Umri?"

"Upi? Wa kufia au wa leo?"

Nyuma yake marehemu Mzee Lukindo, aliyeishi kwa ubishi na kufa katikati ya ubishi, anataka kujua kama atahesabiwa na watu wa mlimani au wa bondeni, maana kaburi lake liko mpakani. Tena jibu lake analo tayari.

Bibi akamgeukia. "Lukindo, uzazi hukuwa nao tangu zamani, na sasa hata tumbo huna. Nyamaza."

Foleni ikacheka hadi sufuria zikalia ukutani. Nikasoma swali: mimba ikihatarisha maisha ya mama, sheria iruhusu itolewe?

Kicheko kikakatika. Sasa tuko kando ya kitanda cha kamba, sijui tulifikaje, na juu yake hakuna mtu, ni shuka tu iliyokunjwa. Bibi anatazama viganja vyake.

"Aliyelala hapa alikuwa na watoto wanne," akasema. "Mimba ya tano ikamgeuka. Nje wakubwa walijadiliana mpaka kukakucha. Yeye hakuulizwa na mtu."

Nikatafuta kwenye fomu mahali pa kuandika jibu hilo. Hapakuwapo.

Bibi akaichukua fomu, akaishika kichwa chini maana kusoma hakujua, akaweka kidole kwenye kaya ya nane. "Hapa alijibu nani?"

Hapo nilikuwa nimeandika Nuru, mwanamke. Lakini majibu yote alitoa mumewe, Shabani, Nuru akitumiminia chai.

"Mume wake, Bibi."

"Basi umehoji ndevu. Kamwulize mwenyewe."

Nikazinduka, jasho shingoni. Kabla ya kifungua kinywa nilikuwa mlangoni kwa Shabani.

"Jana si tulishajibu?" akashangaa.

"Leo ni zamu ya shemeji."

"Jibu lake ni lile lile," akasema, akijivutia kiti.

Nuru akatokea jikoni anafuta mikono. "Baba Zawadi, mbuzi anakata kamba huko nyuma. Hebu kamwangalie."

Sikusikia mbuzi yeyote. Shabani akaenda mbio. Nuru akakikalia kile kiti, akaniinamia.

"Weka kalamu chini kwanza," akanong'ona. "Nisikilize mpaka mwisho, ndipo uandike."