Gitaa la Mkono wa Kushoto

Juzi mjukuu wangu amekuja na gitaa kutoka Voi. Amesimamisha simu kwenye birika, mtu ndani ya simu anamfundisha. Nikamwambia lete. Nikashika, na mikono ikaenda yenyewe kule ilikozoea. Mtoto akacheka. "Nyanya, umeshika vibaya!" Usinione mzee, haya ilinipanda mpaka masikioni.

Mjomba ndiye alinifundisha, zamani, kwetu Rukanga. Alikuwa mtu wa reli, akija nyumbani analeta mkate na gitaa. Alikaa kwenye kigoda, mimi chini mbele yake, nachambua maharagwe huku macho yangu yako kwenye vidole vyake. Mishiko ya nyuzi ilikuwa mitatu tu: wa nyumbani, wa mlimani, wa bondeni. "Ukipotea, rudi nyumbani," alisema, "halafu toka tena kwa njia nyingine." Hiyo njia nyingine ndiyo ilikuwa utamu. Alinipa gitaa nijaribu, nami nikashika nilivyomwona. Sasa mtu ukimtazama kwa mbele, kulia kwake ni kushoto kwako. Nikajifunza yote kinyume, nyuzi nene ziko chini, kushoto ndiko kunakokwaruza. Mjomba akacheka tu. "Wacha. Sikio halijui mkono."

Lakini nyanya yangu aliujua. Mkono huo wa kushoto aliuchapa mwiko kila nikipokeza chumvi nao.

Basi kaka yangu akaoa. Kwetu bibi harusi akifika uani anagoma, hakanyagi mpaka mama mkwe amtandikie leso, na muda wote huo gitaa lisinyamaze. Bibi harusi haingii kwa kimya. Kimya ni kusema hatumtaki. Mjomba alikuwa amepiga tangu kanisani, kidole gumba kimepasuka, damu iko kwenye nyuzi. Akanipa mimi. "Akisimama, wewe usisimame. Zungusha."

Nikazungusha, rafiki yangu! Nyumbani, mlimani, nikashuka bondeni kwa njia ambayo mjomba mwenyewe hakuwahi kupita. Niliona mabega ya bibi harusi yanacheza chini ya shela. Wanawake wakapiga vigelegele.

Ndipo shangazi mmoja wa upande wao akapaza sauti: "Haki ya Mungu! Mtoto wetu anapokelewa kwa mkono wa chooni?"

Wakaangua kicheko. Nyanya yangu akajifunika uso kwa leso yake. Nilipoona hivyo vidole vikafa. Mjomba akanong'ona, "Zungusha, mama, zungusha," mimi nikatazama vumbi. Uani kukawa kimya, unasikia mbuzi anatafuna maganda. Na yule msichana akakanyaga leso akaingia hivyo hivyo, kwa kimya, analia.

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenichapa. Jioni mjomba alining'inizia gitaa pale chini, ninapofikia. Sikulishika.

Siku hizi mabibi harusi wanaingia na spika kubwa kama kabati, na hakuna anayegoma, maana wimbo una mwisho wake. Mjomba tulishamzika. Ile njia yangu ya kushuka bondeni hakuna aliyeishika, na mimi mwenyewe naijua kwa vidole tu.

Mjukuu bado alikuwa ananingoja, mikono mbele. "Nionyeshe basi, nyanya."

Nikamwambia vidole vimeshakauka. Nikamrudishia gitaa lake, kwa mkono wa kulia.