Mpango wa Miaka Miwili wa Neema

Leo nimemwomba radhi mjukuu wangu kwa jani la isale, kama desturi yetu Wachagga. Chekeni kwanza, nasubiri.

Neema amekosa nafasi ya kusomea udaktari. Asubuhi kaniletea mpango: nimlishe miaka miwili, arudie mtihani wa kemia, aombe tena.

Nikamwambia, "Miaka miwili! Ng'ombe wangu mwenyewe hupumzika kukamuliwa miezi miwili tu!"

Mchana ng'ombe huyo akashindwa kuzaa. Mguu mmoja wa ndama nje, mwingine umekunjika ndani.

Mimi, bingwa wa mifugo, nilikuwa nimekaa chini na kizunguzungu changu.

Neema akanawa mpaka begani, akaingiza mkono, akaunyoosha mguu. Ndama huyoo!

Nikampelekea isale. Akapokea kwa adabu zote.

"Nimekusamehe, Babu. Ila sasa iwe mitatu. Mmoja nikufundishe wewe."