Siku Niliyojisindikiza Kliniki

Jamani, aibu niliyoipata kliniki ya wajawazito hapa Sumbawanga, wapo watu mpaka leo wakiniona sokoni wanajifunika mdomo kwa khanga, na nimeamua niisimulie mwenyewe kabla hawajaiharibu zaidi, maana nimeshasikia mahali eti nilivunja mlango wa choo kwa kichwa (uongo mtupu, mlango ulivunjwa na mlinzi, tena kwa bega). Lakini tuelewane mapema. Sioni aibu kwamba nilibeba mimba yangu ya kwanza nikiwa na miaka arobaini na saba. Hiyo natembea nayo kifua mbele. Aibu yangu ni nyingine, na mtaiona tukifika.

Kwa wasionijua, naitwa Leokadia, nauza mitumba, makoti na masweta hasa, na kwa baridi hii ya Ufipa biashara hiyo haijawahi kuninyima ugali. Mume wangu Pankrasi ni dereva wa lori, kazi yake kwenda Kasesya mpakani na kurudi. Tulioana zamani, tukasubiri watoto, watoto hawakuja. Tumekunywa mizizi michungu, tumeombewa, tumefunga, ndugu zake wakamshauri aoe mwingine naye akawajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwishowe tukaenda Dar es Salaam kwa madaktari wanaopandikiza mimba, wanaunganisha mbegu ya baba na yai la mama maabara halafu wanakurudishia tumboni. Ya kwanza haikushika. Ya pili haikushika, nikalia mpaka sauti ikakauka. Ya tatu ikashika. Sokoni nilikuwa naaga tu kwamba nafuata marobota ya nguo. (Na huko Dar nikisema natokea Sumbawanga, wenzangu kwenye benchi wanasogea kidogo, wanadhani nimekuja na ungo wa kichawi. Nikawa nawaacha wasogee, napata nafasi ya kunyoosha miguu.)

Daktari aliniambia wazi kwamba mimba yangu ni ya hatari, kwa umri na kwa presha, nisikose kupimwa, na kichwa kikiuma au nikiona vimulimuli machoni nisijidai shujaa. Nikaitikia. Miezi ya mwanzo nikawa nakwenda kupimwa Mbeya, ambako hakuna anayenijua, mpaka tumbo lilipokuwa kubwa daktari wa kule akanikataza kusafiri tena, akaniandikia barua nihudhurie kliniki ya mjini kwetu. Hapo ndipo ilipo kazi. Kwetu mimba haitangazwi, unaliacha tumbo lijitangaze lenyewe, na mimi la kwangu nilikuwa nimelinyima nafasi hiyo: mwili wangu mnene wa asili, juu yake sweta, juu ya sweta koti refu la Pankrasi. Watu walikuwa wanasema Leokadia ananawiri, biashara imekubali.

Basi siku hiyo Pankrasi yuko Kasesya, upepo unapuliza wa kukata masikio, na kichwa kinaniuma tangu nilipoamka. Nikajiambia ni baridi. Nikapanda bodaboda, nikafika, nikaipitisha barua yangu dirishani kwa kijana wa mapokezi ambaye hakuinua hata jicho, nikaenda kutafuta pa kukaa. Benchi limejaa wasichana, wengine ningeweza kuwazaa, kuwasomesha na kuwaoza. Mmoja, Kabula, binti wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, akanyanyuka kwa heshima zote akanipisha.

"Shikamoo bibi."

Sasa shikamoo haiachwi ikaning'inia hewani. Nikaitika, "Marahaba, mjukuu wangu." Hilo la mjukuu sikuombwa, nililiongeza mwenyewe.

"Bibi umemleta nani?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia panda yangu. Ningesema nimejileta, wangeshangaa kidogo, wangenong'ona, yangeisha. Lakini nikawatazama wale watoto wa watu na nyuso zao laini, kinywa kikafunguka chenyewe. "Nimemsindikiza mkwe wangu."

"Basi wasindikizaji wanakaa kule juani, bibi. Hapa utaumwa na baridi."

Nikaenda juani (mngefanyaje?). Huko nikakuta mabibi wenzangu wapya wamejipanga ukutani, na katikati yao bibi Katarina wa kijiji cha Mollo, mama wa haiba kubwa aliyemsindikiza binti yake, amefungua kitambaa chenye viazi vya kuchemsha anagawa. Akanipa kimoja. Akaniuliza mkwe wangu anaitwa nani, na mimi ambaye sokoni naweza kumuuzia mtu koti la Ulaya lisilo na mkono mmoja nikamwambia ndiyo fasheni, siku hiyo akili ilinikauka kabisa, nikamjibu, "Leokadia."

"Jina zuri. Na afadhali anazaa angali kijana," akasema bibi Katarina. "Nasikia siku hizi kuna wanawake wa umri wetu huu wanakwenda Dar kuwekewa mimba kwa mashine. Mtu ananyonyesha huku meno yanang'oka! Hivi wana haya kweli?"

"Wapi!" wakaitikia wenzake, wakacheka, kisha wakanigeukia na mimi nichangie, ndivyo mazungumzo ya watu wazima yanavyokwenda.

Na mimi nikachangia. Kwa kinywa changu hiki nilichomwombea mtoto miaka yote ile, nikasema, "Hawana haya hao. Na watoto wenyewe wala si watoto wa kweli."

Wakacheka sana. Mtoto akanipiga teke moja la nguvu chini ya mbavu, na madaktari waseme watakavyo, mimi najua alinisikia. Hii ndiyo aibu niliyowaambia, mengine yote yaliyofuata yalikuwa vurugu tu.

Kabla sijakimeza kiazi, mkunga akatoka nje na barua mkononi. Anaitwa Editha, mfupi, sauti kama kengele ya parokia. "Leokadia! Miaka arobaini na saba, mimba ya kwanza..." Akasita, akasoma tena. "Ah, aliyeandika hapa alikuwa na usingizi. Ishirini na saba. Leokadia!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, arobaini na saba mimba ya kwanza, hahaha, na aliyecheka kuliko wote, akapiga na paja, nilikuwa mimi.

"Leokadia!"

Bibi Katarina akanigusa kiwiko. "Mwenzangu, si mkwe wako huyo? Mbona haitiki?"

"Yuko chooni," nikasema.

Editha akasikia. Akaiangalia tena ile barua, uso ukabadilika, akaja mpaka mbele yangu. "Mama, mkwe wako huyu ana presha. Kaenda chooni peke yake? Muda gani?"

"Muda... kidogo."

Hamjawahi kuona mkunga anavyokimbia. Aliondoka kama mbuzi aliyeona kamba, mabibi nyuma yake na viazi vyao, wasichana na matumbo yao, mlinzi na rungu lake, na mimi nyuma kabisa nimelishika koti, namwomba Mungu afanye jambo lolote. Tukakuta mlango mmoja wa choo umefungwa kwa ndani.

"Leokadia!" akaita Editha, anapiga mlango. "Leokadia dada yangu, itika! Ukishindwa kusema gonga!"

Ndani kikasikika kikohozi kidogo cha kujizuia.

"Ameanguka!" akapiga kelele bibi Katarina, akaanza sala ya Bikira Maria kwa Kifipa, wengine wakaidaka, na mlinzi akarudi nyuma hatua kadhaa, akaja na bega. Mlango ukaenda. Na ndani ya choo cha wanawake, amesimama wima amejibanza ukutani, tukamkuta mwanamume mzima mwenye kofia.

Alikuwa mume wa Kabula. Kumbe ameambiwa siku ya kwanza ya kliniki baba naye anapimwa damu, akamuaga mkewe kwamba anakwenda kununua vocha, akaja kujificha huku. Kabula alipenya katikati ya watu na tumbo lake. "Vocha unanunua chooni?" Mwanamume wa watu akaomba maji ya kunywa.

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikadhani nimepona. Lakini Editha hakucheka. Alikuwa anazunguka nyuma ya jengo, anaangalia kwenye majani, anamwambia mlinzi akimbie barabarani aulize bodaboda. Nikamwona anajifuta macho kwa mkono wa gauni lake la kazi. "Nitampoteza mama wa watu," anasema, "nitampoteza na mwanawe, na mkwewe amekaa anakula viazi." Na hapohapo vile vimulimuli nilivyoambiwa vikaanza kuniruka machoni, vidogo vidogo, na kichwa kikapwita.

Nikaogopa. Si watu niliowaogopa tena. Nilimwogopea mtoto niliyemkana, kwamba asije akakasirika akaenda zake kama wale wawili wa kwanza.

Nikafungua vifungo vya koti, nikalivua, nikalitupa chini. Na nguo ya chini ya koti nayo jamani, asubuhi nilikuwa nimejivalia sweta lolote la mtumba, lile lenye picha ya mzee wa Krismasi, tumbo likawa limemvuta mzee wa watu mashavu yamejaa kama anapuliza moto.

"Acheni kumtafuta!" nikasema kwa sauti ya kunadi. "Leokadia ni mimi! Miaka ni arobaini na saba, hakuna aliyeandika na usingizi! Mimba ni yangu, nimeifuata Dar mara tatu, mume wangu anaijua, Mungu anaijua, na sasa ninyi wote mnaijua!"

Bibi Katarina kiazi kilimpalia, akapigwa mgongoni. Kisha kicheko kikaanza upya, na kunong'ona, na mama mmoja ambaye hata simjui akajipa kazi ya kuuliza kwa sauti, "Sasa huyo mtoto akiwa kijana, wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa nimekaa kwenye kiti nakula ugali aliopika," nikamjibu. "Wewe wa kwako atakuwa ameshakukimbia yuko Dar!"

Wasichana wakapiga vigelegele. Kabula, maskini, akawa hajui afanye nini na heshima yake, akanikaribia akasema, "Sasa bibi... mama... ile shikamoo niirudishe?" Nikataka kumjibu, nikapepesuka, Editha akanidaka.

Ndani alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akapima, akapima tena mkono wa pili, akakataa kuniambia namba. Akachukua ile koni yake ya kusikilizia mapigo ya mtoto, akaiweka tumboni, akainamisha sikio. Akaisogeza. Akainama tena. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania shuka la kitanda, nasema moyoni, mwanangu, mama yako ni mjinga, usimchukulie maneno yake.

"Yupo," akasema Editha. "Anakimbia kama amefukuzwa."

Nikalia kwa sauti, wala sikujali nani yuko dirishani. Akaniacha nilie, halafu akanipa langu. "Mama, mimi sina habari na umri wako. Nimeshika wa kila umri kwa mikono hii. Lakini wewe ndiye ulipaswa kuingia humu wa kwanza leo, kabla ya hao watoto wote, na umekaa nje unajisindikiza. Ungeanguka pale juani, ningekuwa nahangaika kumpigia simu mkwe asiyekuwepo."

Wakanilaza kwenye kitanda cha magurudumu nipelekwe hospitali ya rufaa, na njia ya kufika kwenye gari inapita palepale kwenye mabenchi. Nikapitishwa chali, mzee wa Krismasi juu, huku watu wamesimama pande mbili kama ninazikwa. "Hongera bibi!" akapaza sauti mmoja. Nikainua kichwa. "Bibi yako yuko kwenu! Mimi niite mama!"

Nililazwa wodini mpaka nilipojifungua kwa upasuaji, kabla ya wakati wake, mtoto wa kiume mdogo mdogo mwenye sauti kubwa. Pankrasi alipomshika alinyamaza kabisa, yeye ambaye akiwa na lori lake hanyamazi hata akisinzia. Tukamwita Deogratias. Bibi Katarina alikuja kutuona na unga wa ulezi wa kupikia uji, akakaa pembeni ya kitanda akizungusha ncha ya kitenge chake, akasema, "Mwenzangu, maneno yale ya juani..." Nikamwambia, "Yale tuliyasema wote. Pika uji." Akapika. Binti yake naye alijifungua wiki hizohizo, kwa hiyo mjukuu wake na mwanangu ni rika moja, watagombana na kupatana watakavyo.

Wanaonicheka sokoni nawaacha wacheke, na wanaouliza kwa siri, maana wapo wengi kuliko mnavyodhani, wanakuja jioni wakijifanya wanachagua sweta, nao nawaeleza yote, daktari, safari, machozi, presha, na nawaambia wakapimwe na wakiitwa majina yao waitike. Umri wangu nitaendelea kuudanganya nikitaka, kama kila mwanamke hapa mjini, na siku hizi nasema arobaini na mbili na atakayebisha alete cheti. Lakini mtoto wangu sitamkana tena mbele ya mtu yeyote, hata kwa utani, hata kwa kiazi.