Mwenyekiti Aliyehudhuria Mazishi Yake

Mimi filamu naiheshimu. Nimeendesha kibanda cha video hapa Msalato miaka kumi na tisa, tangu enzi za televisheni zenye mgongo, na sipendi mtu acheke wakati mwenzake anakufa kwenye skrini. Kwa hiyo mtaelewa kwa nini Noeli Chilongani, miaka miwili ya mwanzo, nilimwona kama adhabu niliyoletewa.

Noeli ni fundi wa kuchomelea. Mageti mengi ya nyumba zilizoota huku tangu habari za uwanja wa ndege zianze yamepita mikononi mwake. Ni Mgogo wa Haneti, mrefu, mpole, mtu wa shikamoo kwa kila aliyemzidi hata mwaka mmoja. Ubaya wake mmoja tu: anapenda filamu mbovu. Nzuri zinamchosha. Niliwahi kuleta filamu ya kivita ya maana kabisa, kibanda kizima kikalia machozi, yeye akalala. Alipoamka akaniambia kwa adabu, "Mzee Ibra, hii haina kasoro. Sasa mimi nitaimba nini?"

Maana yeye huimba. Ana ilimba, ile marimba ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba, aliyoitengeneza mwenyewe kwa misumari aliyoiponda hadi ikawa bapa. Filamu mbovu huitazama mara tatu. Mara ya kwanza anatazama kama sisi wengine. Mara ya pili anahesabu makosa kwa vidole, na vidole vikiisha anaomba vya jirani. Mara ya tatu anafumba macho. Jumapili inayofuata, watu wakitoka kanisani, unamkuta mlangoni kwangu na wimbo mpya. Kuna mmoja wa komandoo aliyepiga risasi sabini na tatu kwa bastola moja bila kujaza. Kuna mwingine wa mchawi anayepaa kwa ungo hadi Zambia, lakini akienda sokoni anapanda bajaji na kulalamikia nauli.

Watu walikuwa wanasikiliza wimbo kwanza, halafu wanaingia ndani kuhakikisha makosa. Kibanda kilijaa kuliko zamani, nami nilinuna kuliko zamani.

Halafu nikafanya kosa la kumwonyesha Kisasi cha Chatu. Ni filamu ya hapa hapa kwetu, ilipigwa Kongwa kama miaka kumi na miwili iliyopita na kijana mmoja aliyeazima kamera ya harusi. CD yake ilikuwa chini ya boksi langu, sijui hata ilifikaje. Hadithi yenyewe ni ya chatu anayemmeza mwenyekiti wa kijiji kwa sababu ya dhuluma ya shamba. Chatu ameshonwa kwa maturubai na zipu yake inaonekana. Mwenyekiti anamezwa vizuri tu hadi magotini, kisha miguu inagoma kuingia. Na kwenye mazishi yake, kwa kuwa watu walikuwa wachache, mwenyekiti mwenyewe yumo kati ya waombolezaji, kavaa miwani ya jua, kabeba jeneza.

Noeli hakuhitaji mara tatu. Mara moja ilimtosha.

*Chatu wetu ana zipu, nani alomshonea?*
*Kammeza mwenyekiti, soksi zimembakia,*
*Moja nyeusi, nyingine kijani imefifia,*
*Chatu kaona kinyaa, hizo hakujimezea.*

*Jana kamezwa mzima, leo yuko msibani,*
*Miwani imemficha, na kofia ya majani,*
*Analibeba jeneza, sasa ndani yumo nani?*
*Mwenyekiti tuambie, tukuzike siku gani?*

*Mjane kalia mno, kamasi zamdondoka,*
*Marehemu yu nyumaye, bega lake kalishika.*
*Geuka mama tazama, mumeo amefufuka!*
*Hasikii, hageuki, kilio kimemteka.*

Wimbo ule ulitoka Msalato bila kuaga. Bodaboda waliuimba, wanakwaya waliuimba wakidhani mchungaji hasikii, mtu mmoja akaurekodi kwa simu na baada ya wiki nikausikia kwenye stendi ya mjini. Hata mimi, siku nikiwa peke yangu nafagia kibanda, nilijikuta nimeufikisha kwenye soksi. Nilijikasirikia sana.

Mbele ya karakana ya Noeli kuna duka la dawa za mifugo, na muuzaji wake ni Sara, binti wa Kongwa. Sara alikuwa anacheka beti mbili za mwanzo hadi anashika kaunta. Ukifika ubeti wa tatu, anageuka na kupanga chupa za dawa ya kupe. Sisi tuliona ni bidii ya kazi. Noeli hakuona chochote, maana alishapenda, na mwaka jana baada ya mavuno akatuomba mimi na baba yake mdogo, Anselmi, tupeleke barua ya posa.

Nikasema mimi Mrangi, Mwislamu, nitawaposea vipi Wagogo Wakristo. Anselmi akasema mdomo wangu unafaa, dini yangu haiulizwi. Tukaenda Kongwa, wazee wawili tuliovaa makoti kwenye jua, na Noeli akabaki nyumbani, maana mposaji haendi na barua yake.

Tulipokelewa vizuri. Mzee mwenye nyumba, Bartolomayo, aliyestaafu kazi ya kusimamia josho la ng'ombe, alitukaribisha sebuleni na dada yake Restuta akaleta maji. Nikanyanyua macho kutafuta cha kusifia, kama inavyotakiwa. Ukutani palikuwa na picha kubwa ndani ya fremu: mzee huyo huyo, akiwa na nywele nyingi zaidi, anachungulia kutoka kwenye zipu ya chatu wa maturubai.

Maji yalinipalia. Anselmi, ambaye hakuwahi kuiona filamu, alinigonga mgongoni na kusema kwa furaha, "Kumbe mzee ni mwigizaji."

"Nimeigiza mara moja," akasema Bartolomayo. Akaipokea barua, akaipima mkononi, hakuifungua. "Mwenye barua hii ndiye yule fundi anayeimba?"

Nilitamani kudanganya, lakini mdomo uliosifiwa ulikuwa umekauka. "Ndiye, mzee mwenzangu."

"Barua siifungui leo. Jumapili aje yeye mwenyewe. Aje na ilimba."

Msalato nzima ilijua kabla hatujashuka garini. Noeli alienda moja kwa moja dukani kwa Sara, nami nikamfuata kwa sababu sikutaka kusimuliwa.

"Kwa nini hukuniambia kuwa ni baba yako?"

"Ningekuambia ungeacha kuuimba," Sara akasema. "Na baba aliusikia kwenye simu ya jirani kabla sijamtajia jina lako. Alinipigia kuniuliza huyo fundi wa wimbo yuko upande gani wa barabara ya hapa dukani."

"Na ubeti wa tatu?"

Sara akashika chupa, akairudisha. "Huo kamuulize mwenyewe."

Wiki ile Noeli alichomelea geti moja likiwa juu chini. Alikuwa anaogopa, na sikumcheka. Kumdhihaki mtu ambaye unataka awe baba mkwe ni kosa zito kwa kila kabila ninalolijua. Mkwe hataniwi. Unaweza kumtania babu wa mchumba wako mpaka akutupie fimbo, lakini baba yake unamwamkia ukiwa umeinama na kunyamaza. Na yeye alikuwa amemuuliza mkwe wake, mbele ya mkoa mzima, azikwe siku gani.

Jumapili ile sebule ya Bartolomayo ilijaa ndugu, wengine hadi dirishani. Noeli aliamkia, akakaa kwenye kigoda, vidole juu ya misumari yake. Aliimba ubeti wa kwanza, hakuna aliyecheka. Akaimba wa pili, Restuta akafunika mdomo kwa kanga. Hapo Noeli akakomea.

"Kuna wa tatu," akasema Bartolomayo.

Noeli akauimba akiwa ameinamisha kichwa, polepole, na kila neno lilionekana kumuumiza.

"Yule ni mama yake Sara," mzee akasema. "Hakuwa mwigizaji. Tuliahidiwa watu hamsini wa mazishi, ilikuwa masika, watu wako mashambani, wakaja kumi na mmoja. Kijana wa kamera akasema kila mtu aingie, hata aliyekufa. Mke wangu alikuwa ameleta uji tu, naye akaambiwa awe mjane. Nilisimama nyuma yake. Alipoanza kulia nilidhani anaumwa, nikamshika bega, nikamnong'oneza, mama Sara, mimi huyu hapa. Hakugeuka. Jioni nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, nilijisahau."

Akaitazama ile picha ya ukutani. "Mwaka wa nne huu tangu atangulie. Wanaume wengi hawajui wake zao watawalilia vipi. Mimi najua. Na ile CD yetu ilishakwaruzika, haiendi tena. Wewe ndiye uliyenirudishia kile kilio."

Noeli alianza kuomba radhi, mzee akamkatisha kwa mkono. "Lakini soksi zote mbili zilikuwa nyeusi. Ile moja ilipauka kwa jua. Rekebisha."

Hapo ndipo tulipocheka, wote, nikiwemo mimi, na nilicheka hadi koti likanibana. Mzee alikuwa anacheka pia. Tangu wimbo utoke, akatueleza, sokoni watu wanamwita Mwenyekiti. Tangu astaafu alikuwa anaitwa mzee tu, kama mzee yeyote.

Kisha akakunja uso. "Sasa tatizo. Nikiifungua barua na kuikubali, huyu ni mkwe wangu. Hawezi kuniimba tena, wala mimi siwezi kukaa nikamsikiliza. Nimefikiri wiki nzima, sioni njia. Kijana, unataka wimbo au unataka Sara?"

"Namtaka Sara, mzee," Noeli akasema mara moja. Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza, "Lakini nitaumia. Huu ndio bora niliowahi kutunga."

"Hata mimi nitaumia," akasema Bartolomayo, na nilimwonea huruma kweli.

Restuta ndiye aliyetuokoa. Alisema kwa sauti ya mtu ambaye chakula chake kinapoa, "Barua imefungwa. Mpaka ifunguliwe huyu si mkwe wa mtu yeyote. Si aimbe basi."

Noeli akaimba. Tuliingia saa saba mchana, barua ikafunguliwa saa kumi na nusu. Kati ya hapo wimbo uliimbwa mara kumi na moja, pilau ikaliwa katikati ya mara ya sita, na Bartolomayo alirekebisha soksi na kofia, akaongeza na jina la ng'ombe anayepita nyuma ya jeneza. Kila ukifika ubeti wa tatu alikuwa anaimba yeye pia, kwa sauti nene isiyopata noti. Mara ya mwisho aliimba peke yake. Kisha akasema, "Haya, leteni barua," na Noeli akaifunga ilimba kwa kitambaa.

Hajauimba tena. Walioana mwezi wa tisa, na sasa mlangoni kwangu anaimba habari za papa wa plastiki na wanajeshi wanaopiga mswaki vitani. Watu wakimwomba wimbo wa Mwenyekiti, anatikisa kichwa, na nimewafukuza wawili waliomzomea.

Ila heshima ya mkwe inamfunga Noeli, haimfungi mzee. Kila Jumapili jioni simu inaita. Noeli anasimama wima, anaamkia, na upande wa pili Bartolomayo anaimba wimbo wote, pamoja na beti alizotunga mwenyewe kuhusu tumbo lake na jinsi alivyolala njaa ndani ya chatu. Ni za kuchekesha mno, na mkwe haruhusiwi kucheka. Nimemwona kijana wa watu akiuma kola ya shati, machozi yakimtoka, akijibu, "Ndiyo baba. Nimesikia baba."

Ubeti wa tatu mzee huuacha mwisho na kuuimba polepole. Hapo Noeli huachia kola.