Kuku wetu walikuwa wanaoga kwa jivu la waya

Wakuu, sasa.

Mimi humu ni wa kusoma na kupita, sijawahi kuanzisha uzi. Niko Form Three, na hata darasani mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo lakini sauti inakwama kooni. Mambo yangu huwa naandikia diary. Hii imekataa kukaa huko. Naiweka hapa vile ilitokea, bila chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu mama pia ana simu.

Tunaishi Kangemi, huku chini karibu na mto. Baba alishafariki. Nyumba tunakaa na Uncle Wycky, ndugu ya mama, na yeye ndiye hulipa rent.

Kazi ya Uncle ni waya. Analeta waya za stima zilizotupwa, anazichoma kwa uwanja nyuma ya nyumba mpaka plastiki iishe, inabaki kopa, ile shaba ya ndani. Kopa anapelekea watu wa scrap.

Kwa uwanja huo huo mama amefuga kuku. Kuku wa kienyeji wa kweli, wa kujitafutia, si wa kufungiwa na kulishwa feed. Sisi ni watu wa Vihiga, nyumba bila kuku kwetu ni kama nyumba haina mwenyewe.

Sasa, kama umewahi kuangalia kuku, unajua wanapenda kuoga kwa vumbi. Wanachimba shimo, wanajirusharusha mchanga kwa mabawa. Wetu shimo lao lilikuwa pale pale Uncle anapochomea, kwa sababu jivu huwa laini na lina joto. Tulikuwa tunawacheka. Mama alikuwa anasema kuku wake wako na spa.

Mayai yao mama aliuza Loresho, kwa matajiri. Mnajua ni kuvuka tu Waiyaki Way. Watu wa huko wanapenda neno kienyeji kuliko sisi wenyewe. Mteja wake mkubwa alikuwa bibi mmoja Muhindi, kwao wanamuita Dadi, yaani nyanya. Ana mjukuu anaitwa Zayan, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na akawa anachelewa kuongeza kilo. Daktari alisema apewe yai kila siku. Dadi akasema si la duka, ni la Mama Tevin peke yake.

Tevin ni ndugu yangu mdogo. Bado anatambaa. Na yeye alikuwa anakula hayo mayai.

Siku moja akaja dada fulani wa university, amevaa gumboots, anatafuta nyumba zilizo na kuku karibu na mahali pa kuchomea waya. Mama alidhani ni mteja. Yule dada akanunua mayai, akayafunga kwa foil moja moja kama zawadi, akachota na mchanga kutoka kwa lile shimo la kuku. Akaandika namba ya mama, akaenda. Tukasahau.

Muda ulipita sana kabla yule dada apige simu. Mama alikuwa bafuni, nikachukua simu.

"Uko na mtu mkubwa hapo?"

"Anaoga."

"Basi sikiza vizuri umwambie. Hayo mayai msile. Na msiuze."

Akanieleza polepole. Plastiki ya waya ikiungua inatoa sumu inaitwa dioxin. Inaanguka na moshi, inakaa kwa mchanga miaka mingi. Kuku anadonoa mchanga, sumu inaingia kwa mafuta yake, kutoka hapo inaingia kwa kiini cha yai. Haiui leo wala kesho. Inakaa mwilini ikingoja, na mtoto mdogo ndiye inamharibu zaidi.

Nikauliza tukichemsha sana je.

"Hata ukikaanga. Moto wa jiko hauitoi."

Nilimwambia mama akiwa bado amejifunga leso. Alinitazama kama nimemtusi.

"Kuku zangu ndio ziko na sumu? Mimi nimelelewa na hizi mayai."

Nikasema si kuku, ni jivu.

Uncle alikuwa mlangoni anafunga viatu. Akacheka. "Sumu gani hiyo haiui mtu? Mimi nakaa kwa huo moshi kutoka asubuhi na bado nakushinda kula ugali. Form Three na tayari ni daktari. Daktari, nipime presha basi."

Nikachukua mtungi nikaenda kuteka maji. Hiyo ndiyo tabia yangu.

Lakini asubuhi iliyofuata niliona kitu. Tevin alipewa uji mtupu. Kesho yake tena uji mtupu. Mama hakueleza, aliacha tu kumpikia mayai.

Halafu Jumamosi akapanga mayai kwa kikapu kama kawaida, akafunika na kitambaa, akanipa nipeleke Loresho.

Wakuu, nilisimama na hicho kikapu nikamtazama. Aliangalia kando.

"Enda," akasema. "Shule inafunguliwa, na fees haijatosha."

Hapo ndipo nilielewa kwamba ameniamini. Ingekuwa afadhali kama hangeniamini.

Njiani nilipanga maneno. Kwa daraja nikafikiria kujikwaa nimwage yote, nirudi niseme nilianguka. Lakini wiki ijayo je? Ningejikwaa mpaka lini? Nikaamua nitasema tu kwa gate, nigeuke nikimbie.

Kwa gate askari wao, ambaye pia ni mtu wa kwetu, akaanza utani wake. "Msichana wa mayai, leo mbona unatembea kama unaenda kuzikwa? Jogoo amekukataza?" Nikashindwa hata kutabasamu. Akafungua. "Ingia, kwanza Dadi alikuwa anakuuliza."

Dadi alinipokea jikoni mwenyewe. Msichana wao wa kazi alikuwa off. Zayan yuko kwa kiti chake kirefu anagonga kijiko, mikono midogo kama ya doll. Dadi akachukua yai la juu kabisa, akalivunja kwa bakuli.

"Ona rangi hii," akaniambia. "Ya supermarket iko kama maji. Mama yako, Mungu abariki mkono yake."

Maneno yote niliyopanga yakaisha. Mafuta yalikuwa yanalia kwa sufuria na mimi nimesimama tu na kikapu. Yai likaiva. Akaliponda, akapuliza, akanipa bakuli.

"Mlishe wewe, beti. Kidole yangu leo inauma." Beti kwao ni binti.

Zayan akafungua mdomo. Hajui kitu, ameona kijiko tu akafungua mdomo.

Mkono wangu ulikataa. Kijiko kilibaki hapo hewani.

"Nini? Unaogopa mtoto?"

"Hapana," nikasema. "Naogopa yai."

Sauti ilikuwa ndogo sana mpaka akasogea karibu. Basi nikasema yote. Waya, jivu, kuku, simu ya yule dada. Nilikuwa naongea nikiangalia tiles. Zayan alianza kulia akitaka bakuli lake.

Dadi alizima gas. Akalichukua bakuli mkononi mwangu, hakulimwaga, aliliweka tu mbali na mtoto. Akauliza swali moja.

"Na yule mdogo wenu, anakula hii?"

"Aliacha."

"Aliacha vipi?"

"Mama aliacha kumpikia."

Nilipomaliza kulisema ndipo nilijisikia. Wakuu, mimi nilienda kuokoa mtoto wa watu, sikuenda kumuuza mama. Lakini maneno yakitoka hayarudi kwa mdomo.

Dadi alikaa chini kwa stool. Alimshika Zayan kichwa kwa muda mrefu, kama anapima homa. Hakunipigia kelele. Alisema, "Rudi nyumbani, mtoto," na kikapu akanirudishia na mayai yake yote.

Nilifika nikakuta Dadi alishapiga simu. Mama alikuwa amekaa nje kwa beseni ya nguo, mikono imekauka.

"Umeenda kuniita muuaji kwa nyumba ya watu."

"Sikusema hivyo, mum."

"Umesema nimeacha kumpea Tevin. Hiyo ni kusema nini?"

Nikasimama pale na kikapu. Nilitaka anichape, ingekuwa rahisi. Akalia, na mama yangu simjui kwa kulia. Hata kwa mazishi ya baba alikuwa anahesabu sahani.

Nyuma ya nyumba tukasikia Uncle anawasha. Harufu ya plastiki ikaja, ile ya kukaba. Tevin alikuwa ametambaa mpaka pembe ya ukuta, karibu na kuku.

Mama akainuka na beseni. Maji ya sabuni, nguo na kila kitu, akayamwaga kwa ule moto.

Uncle akaruka. "Umerukwa na akili? Na rent unalipa na nini?"

"Choma waya zako, Wycky. Lakini si mahali mtoto wangu anatambaa."

"Kwa hivyo mimi ndio mbaya? Fees ya huyu inatoka wapi?"

"Inatoka hapo," mama akasema, akionyesha jivu. "Najua. Nilikuwa najua."

Kisha akaanza kuokota nguo kwenye matope, moja moja.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka. Uncle alihamishia moto wake kando ya mto, na upepo ukigeuka moshi bado unatufikia, na maji yanateremka kwa watu wengine nisiowajua. Habari ilizunguka Loresho na wateja wote wakaacha. Fees yangu haijakamilika. Mama alikaa muda bila kuniongelesha vizuri, ilikuwa tu "leta maji", "funga mlango". Kuku tukawafungia, lakini bado wanataga, kwa sababu kuku hajui kama umekatazwa. Mayai tunazika.

Juzi akaja shangazi, dada ya marehemu baba, kutoka Vihiga. Kwetu mgeni wa aina hiyo hauulizi, unachinja. Ukimpa kitu kingine ni kama umemfukuza. Na kuku wako pale, wanene, anawaona kwa macho yake.

Mama alinituma butchery.

Shangazi alipofunua sufuria akakuta nyama ya ng'ombe, alirudisha kifuniko. Halafu akauliza, kwa ile sauti ya mtu atakayeenda kusimulia kila mtu nyumbani:

"Mama Tevin, hizo kuku ziko hapo nje. Kwani mimi si mgeni?"

Nilijua mama anaweza kusema wako na ugonjwa, au wako na vifaranga. Alimwekea supu kwanza. Akaniangalia mimi, mara ya kwanza kwa siku nyingi, ndipo akamjibu.

"Wewe ni mgeni, wifi. Ndiyo maana."

Akakaa chini, akamweleza kila kitu, hata sehemu ya Loresho. Shangazi aliacha kula katikati.

Somo langu, wakuu, si kwamba kusema ukweli kunalipa. Kwetu hakujalipa. Nimejifunza tu kwamba kienyeji si dawa. Kuku ni ule mchanga anaodonoa, na ukitaka kujua yai angalia chini kwanza.

Kama kuna mtu humu amewahi kufuga mahali waya zilichomwa, aniambie mchanga ulitolewa ukapelekwa wapi, na kuku walifanywa nini. Mama ananiuliza, na mimi sina jibu. Hata wa kunichamba mkaribie, nitasoma zote, ingawa kujibu nitachelewa.