Nimeshinda zamu ya kwenda nyumbani, na sina wa kumwendea

Admin, jina langu lifiche, wenzangu wanasoma humu.

Nina miaka arobaini na moja, shule niliishia darasa la sita. Kwetu ni Newala, ila ni kibarua wa ujenzi huku Tabora. Tumepanga Ng'ambo, wanaume wanne chumba kimoja. Msimamizi anaruhusu mmoja tu kwa mwezi kwenda kwao, kwa hiyo zamu tunaichezea karata za poka Jumapili mchana, dau likiwa punje za maharage. Anayechukua mzunguko wa mwisho ndiye anayesafiri.

Wasichojua ni kwamba mke wangu aliniacha zamani, na mama nilishamzika. Sijawahi kuwaambia. Wakiongea na wake zao kwenye simu, mimi natoka nje na yangu sikioni, naongea peke yangu. Kwenye karata najifanya nataka sana kwenda, halafu najiachia nifungwe.

Jumapili hii, mzunguko wa mwisho, nilikuwa wa kwanza kuweka dau. Nikaweka maharage mengi, kama kawaida yangu. Wawili wakatupa karata, wakajitoa, akabaki Masanja, ambaye mkewe amejifungua juzi huko Bariadi. Karata tatu za mezani zikafunuliwa, hazikunipa kitu. Ningenyamaza tu bila kuongeza dau, Masanja angechukua, yangeisha. Lakini ukianza kwa kishindo kisha ukanyamaza, watu wanajua huna kitu, na mimi hilo naliogopa kuliko kufungwa. Nikasukuma maharage yangu yote mezani.

Masanja akanitazama. "Kaka, hujui nina nini, na bado unaongeza? Basi unazo. Shemeji ana bahati." Akajitoa, akatupa karata zake wazi. Wafalme wawili.

Zangu, ambazo zisingezifikia hizo, nikazichanganya haraka na nyingine wasizione.

Jioni nikamwambia aende yeye. Akacheka. "Na shemeji utamwambia nini? Usinionee huruma, umenifunga kihalali." Kisha akanipa chupa ya asali aliyokuwa amemnunulia mkewe. "Mpelekee. Mwanangu atanisubiri."

Wengine nao wameleta kitenge.

Safari ni Ijumaa. Masanja hawezi kukubali zamu hii mpaka nimwambie sikuwa na karata za maana, na akiuliza kwa nini nilisukuma, itabidi niseme sina mke. Hawa watatu ndio watu pekee wanaoniuliza, "Nyumbani hawajambo?" Wakijua, nani ataniuliza tena? Ndugu zangu, asali iko chini ya mto wangu. Mngekuwa mimi, mngeanzaje kumwambia?